Sura ya Sita: Vikingio vya Kioo na Upepo wa Ufipa

Nchi ya Ufipa imekaa baina ya maziwa mawili yasiyolingana kimo, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki, nayo imeinuka juu ya yote mawili, hata mji wa Sumbawanga ukawa katika kimo cha takriban mita 1,800 juu ya bahari, na milima ya Mbizi iliyo ubavuni mwake ikapita mita 2,000. Ni nchi ya nyasi kuliko miti, na upepo wa kusini-mashariki unaovuma katika miezi ya kiangazi haukuti humo kizuizi cha maana. Hupita juu ya mashamba, hushuka mabondeni, hupanda tena, na asubuhi za Juni na Julai huchukua baridi ambayo mtu wa pwani aliyezoea kusi ya bahari hawezi kuikisia mpaka imwingie mifupani. Malangali ni mojawapo ya kata za mji wa Sumbawanga. (Msomaji asiichanganye na Malangali ya Mufindi, yenye shule kongwe iliyofunguliwa 1928, jina ni moja, nchi ni mbali.) Nimeichagua kuwa mahali pa sura hii kwa sababu iliyo wazi: mambo ninayotaka kuyaeleza mintarafu ya gari la zamani la wazi na vioo vyake vya kukinga upepo, yakifaa Malangali, hayatashindwa kufaa kwingineko.

Vikingio ninavyovinena ni vipande viwili vya kioo, aghalabu vyenye upana wa sentimita 18 hivi na urefu wa sentimita 35, kimoja kulia na kimoja kushoto, vifungwavyo kwenye nguzo za kioo cha mbele kwa vibano vyenye bawaba, ili mwenye gari aweze kuvigeuza atakavyo. Magari ya kwanza hayakuwa navyo, na mengi hayakuwa hata na kioo cha mbele. Dereva alivaa koti zito na miwani ya vumbi, akashukuru. Luteni Paul Graetz, Mjerumani aliyeondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 kwa gari la wazi lililoundwa Gaggenau, akavuka bara hata akafika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909, alitumia karibu miaka miwili katika safari yake, na kwa mwendo wa namna hiyo, wa kukata miti na kuvuta gari kwa kamba mitoni, upepo wa kando haukuwa taabu ya kuhesabiwa. Taabu hiyo ilizaliwa na mwendo. Ford Model T, lililoundwa tangu 1908 hata 1927 kwa idadi iliyozidi milioni 15, na ambalo makoloni ya Uingereza yaliletewa kutoka kiwanda cha Kanada likiwa na usukani wa kulia, lilizoesha watu kwenda kasi wakiwa wameketi wazi. Na katika miaka ya 1920 wauzaji wa vifaa vya magari Marekani wakapata biashara nzuri ya vikingio vya kioo chenye kingo zilizochongwa na vibano vilivyopakwa nikeli. Biashara hiyo haikudumu. Magari yaliyofunikwa yaliyashinda yale ya wazi kabla ya miaka kumi hiyo kwisha, na kikingio kikawa pambo la wapenda mambo ya kale.

Kwetu sisi gari la wazi lilipata umri wa pili. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, mwili wake wa aluminiamu, kioo chake cha mbele cha kulazwa juu ya boneti, na hema lake la turubai la kuvuliwa. Na gari hilo likaenea katika Tanganyika kwa wakuu wa wilaya, kwa mapadri, na kwa kila aliyekuwa na kazi mahali pasipo na barabara. Ndilo gari la wazi ambalo mtu wa Rukwa ana haki ya kuliita la kale na la kwao pia. Kuna jambo moja zaidi lililobadilika: barabara ya kutoka Tunduma hata Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, imetiwa lami kwa msaada wa fedha za mkataba uliotiwa saini na Marekani Februari 2008, na gari lililokuwa likijikongoja kwa kilomita 30 kwa saa juu ya changarawe sasa laweza kuhimizwa hata 60 au 80. Kwa hiyo gari kuukuu limekutana na upepo ambao katika ujana wake lilikuwa halijaujua vema.

Aliyeketi katika gari la namna hiyo na kuhisi shingo yake ikipigwa hudhani kwamba upepo umetoka mbele, ukaruka juu ya kioo, ukamwangukia. Na kwa dhana hiyo hutaka kioo cha mbele kirefushwe. Dhana hiyo si sahihi. Kioo cha mbele kinapoupasua upepo huacha nyuma yake mahali penye shinikizo dogo la hewa, na hewa iliyopita juu pamoja na ile iliyopita kando hurudi kupajaza mahali hapo, kama maji ya mto yarudivyo nyuma ya jiwe kubwa yakazunguka papo badala ya kwenda zake. Pigo la shingoni, basi, hutoka nyuma, na huja na vumbi la magurudumu yenyewe. Mkondo wa kando ndio mbaya kuliko wa juu, kwa sababu hupita karibu na kiwiko cha dereva na hauna safari ndefu ya kurudi. Kikingio huupokea mkondo huo mahali unapoiacha nguzo ya kioo, huutupa nje kadiri ya shubiri moja, nao uliotupwa nje hulipita bega la dereva kabla haujapata nafasi ya kugeuka. Hakiuzuii upepo, huupa njia nyingine.

Tabia hii ya hewa, ya kuvutwa zaidi kuliko kusukumwa, haikuwa siri katika nchi hii. Wahunzi wa Kifipa walijenga malungu, tanuri za udongo zilizomzidi mtu kwa urefu, wakayeyushia humo mawe ya chuma pasipo mivukuto yoyote: waliacha matundu kuzunguka kitako cha tanuri, wakajaza makaa na mawe, wakawasha, na joto lililopanda katika lile bomba refu likavuta hewa kwa nguvu zake lenyewe usiku na mchana, hata bonge la chuma likapatikana, nalo likapelekwa kusafishwa katika tanuri dogo ambalo ndilo lililotumia mivukuto. Kazi hiyo ilififia katika karne iliyopita, lakini mabaki ya malungu yangali yamesimama mashambani. Fundi wa Sumbawanga anayetaka kufahamu kwa nini upepo huingia katika gari kutoka nyuma hana haja ya kitabu cha Ulaya. Na asimame mbele ya ilungu moja aulize matundu yale yaliwekwa kwa ajili gani.

Sasa tuingie katika nguvu, maana hapa ndipo watu wanapojidhulumu. Kioo chenye unene wa milimita 6 kina uzito wa kilo 15 kwa kila mita ya mraba, na kwa hiyo kipande cha kipimo nilichokitaja hakitimizi kilo moja. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, katika hewa ya Ufipa ambayo kwa sababu ya kimo ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja ya sita, upepo ukikipiga kipande hicho kwa uso wake wote utakisukuma kwa nguvu ya kilo moja au kuzidi kidogo, yaani yapata uzito wake chenyewe. Kwa kilomita 30 nguvu hiyo hushuka hata robo, na kioo kikikaa mshazari, kama ipasavyo, hupungua tena. Kilo moja ni mzigo wa mtoto. Lakini gurudumu likitumbukia shimoni, kioo kilekile hutikiswa kwa nguvu inayopita uzito wake mara kadhaa, na jambo hilo hurudiwa pasipo kukoma katika njia ya kuteremka Mbizi kwenda Muze na Mtowisa. Kinachokivunja kikingio si upepo. Ni mtikisiko wa njia, na zaidi ya mtikisiko ni kibano kilichokazwa na mtu aliyeuogopa upepo. Maelezo yote yanayofuata yametoka katika neno hilo: kioo kishikwe kisianguke, walakini kisibanwe.

Katika kuchagua kioo hakuna ruhusa ya uzembe. Kioo cha dirisha la nyumba kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye makali, na kukiweka umbali wa mkono mmoja na shingo ya mtu ni kutafuta msiba. Sikipendekezi hata kwa gari la kusukumwa kwa mikono katika maonyesho. Vikingio vingi vya miaka ya 1920 vilikuwa vya kioo cha namna hiyo, kinene tu zaidi, na mwenye kuvipata vya asili afadhali avitundike ukutani. Salama ilitokana na ajali njema. Mwaka 1903 Mfaransa Édouard Bénédictus, msanii na mtu wa kemia, aliangusha chupa ya maabara akaiona imepasuka lakini haikutawanyika, kwa sababu dawa iliyokuwa imekaukia ndani yake iliacha utando ulioyashika mavunjiko. Mwaka 1909 akapata hataza ya kioo cha tabaka tatu, vioo viwili na utando katikati, kilichouzwa kwa jina la Triplex na ambacho katika vita vya 1914 hata 1918 kilitiwa katika vinyago vya kukinga gesi. Utando wa kwanza ulikuwa wa seluloidi, nao uligeuka manjano kwa jua. Utando bora ulipatikana katika miaka ya 1930, na ndio ulio katika kioo cha mbele cha kila gari leo.

Namna ya pili ni kioo kilichokazwa kwa moto, ambacho hupashwa kupita nyuzi 600 kisha kikapozwa ghafula kwa upepo mkali, na kikivunjika huwa punje punje. Ni kizuri, ila kina sharti moja: kikisha kukazwa hakikatwi wala hakitobolewi, na fundi atakayejaribu atabaki na lundo la punje miguuni. Vioo vingi vya milango ya magari ya siku hizi ni vya jinsi hii. Basi kwa Malangali, mahali ambapo kuagiza kioo kilichokatwa tayari ni kazi ya majuma, njia ya busara ni kutafuta kioo bapa cha tabaka kutoka gari la zamani, mathalan kioo cha mbele cha Land Rover kilichopata ufa upande mmoja, na kukata vikingio katika sehemu iliyosalimika. Kioo cha mbele cha magari mapya nacho ni cha tabaka, lakini kimepinda, na kilichopinda hakitufai. Alama ndogo iliyochorwa pembeni mwa kioo ndiyo shahidi wa jinsi yake, nayo isomwe kabla almasi ya kukatia haijatolewa mfukoni.

Kioo cha tabaka hukatwa mara tatu. Uso wa kwanza huchorwa mstari mmoja usiorudiwa, kwa almasi iliyochovywa mafuta ya taa, kisha hupasuliwa taratibu. Kioo hugeuzwa, na uso wa pili ukachorwa mkabala wa mstari wa kwanza, pasipo tofauti hata ya unywele, ukapasuliwa vilevile. Mwisho utando wa katikati hupashwa joto kidogo ukalainika, ukakatwa kwa wembe. Kisha kingo zisuguliwe kwa jiwe la kunolea lililolowa maji, na pembe zote nne zifanywe mviringo. Wengi huona kusugua huko ni urembo. Kumbe ufa wa kioo una mahali pa kuzaliwa, na aghalabu mahali hapo ni kijino kidogo kilichosahauliwa ukingoni, ambacho kwa mwezi wa kwanza hukaa kimya. Kingo zikisha kuwa laini zipakwe gundi isiyopenyeza maji, kwa kuwa mvua za masika huingia baina ya tabaka na kuleta ukungu mweupe usiofutika.

Matundu yaepukwe kila iwezekanapo, na vifaavyo kupendelewa ni vibano vya mfano wa mfereji, vinavyouchukua ukingo wa kioo kwa parafujo mbili ndogo. Shaba nyeupe hufaa kwa kazi hii kwa kuwa huchongeka kwa tupa na haipati kutu. Ndani ya mfereji tandaza mpira uliokatwa katika tyubu kuukuu ya gurudumu, pande zote mbili na chini, ili pasiwe na mahali hata pamoja ambapo kioo kinagusana na madini. Kaza parafujo kwa zamu, kidogo hii, kidogo ile, na uutazame mpira: unapoanza kutokeza kwenye midomo ya kibano, inatosha. Acha usiku upite. Mpira hulala, nawe utaona asubuhi kwamba parafujo inakubali robo ya mzunguko tena. Ipe robo hiyo, usiipe nusu.

Palipo na fitina kubwa ni katika bawaba, na sijaona mahali palipoelezwa inavyostahili. Kila kioo kina vibano viwili, cha juu na cha chini, na kila kibano kina bawaba yake. Iwapo bawaba hizo mbili hazikai katika mstari mmoja, kioo hakiwezi kugeuka ila kwa kupindwa, na kioo hakina desturi ya kupindwa. Kitatii siku mbili, kisha kitapasuka wakati gari limesimama sokoni na hakuna upepo, na mwenyewe atashuku watoto. Dawa yake ni nyepesi. Kabla ya kutia kioo, funga vibano kwenye nguzo, pitisha spoku ya baiskeli iliyonyooka katika matundu ya bawaba zote mbili, na uzungushe vibano hata spoku ipite na kutoka pasipo kusukumwa. Hapo ndipo nguzo ivikwe ngozi nyembamba chini ya kibano, kwa kuilinda rangi na kukizuia kibano kisiteleze, na nati zikazwe.

Katika Land Rover kuna sharti lake la peke yake. Vibano vyote viwili vifungwe kwenye fremu ya kioo cha mbele, kisiwepo kimoja kwenye fremu na cha pili kwenye mwili wa gari, maana fremu na mwili havitikisiki kwa pamoja na kioo kilicho katikati yao ndicho kitakacholipa tofauti. Kadhalika aluminiamu na bolti ya chuma zikikutana penye unyevu huharibiana, ile ya kwanza ikatoka unga mweupe. Basi asitoboe mtu mwili wa gari kwa ajili ya kipande cha kioo. Na kioo cha mbele kinapotaka kulazwa, vikingio vitolewe kwanza, kwa hiyo nati za bawaba ziwe zile zenye masikio, zisizodai spana. Nati nazo zisichanganywe: Land Rover za kwanza zilitumia hesi za Kiingereza, Ford zilitumia za Kimarekani, na maduka ya leo huuza za milimita, nati ya milimita huingia mizunguko miwili katika bolti ya Kiingereza kisha hukwama, na anayeilazimisha huharibu zote mbili.

Kazi ya kufunga ikiisha, kuna kazi ya kupata pembe. Anza na nyuzi 30 kwenda nje, kisha bandika vipande vifupi vya uzi wa sufu, vya kidole kimoja, kwenye ukingo wa nyuma wa kila kioo, kwenye mabega ya viti na juu ya mlango. Dereva aende mwendo wake wa kawaida, na mwenzake aketi kuutazama uzi. Uzi unaonyooka kuelekea nyuma na kutulia umeonyesha hewa iendayo zake. Uzi unaozunguka, au unaoelekea mbele kinyume cha mwendo wa gari, umeonyesha hewa inayorudi. Geuza kioo kidogo, pita tena njia ileile. Barabara ya lami iendayo Laela inafaa kwa majaribio haya, mradi jaribio lifanywe kwenda na kurudi, kwa sababu upepo wa nchi hii una upande wake na utamdanganya aliyepima mara moja tu. Pembe ya kulia na ya kushoto hazitalingana, na hakuna sababu ya kuzilinganisha kwa ajili ya sura ya gari.

Pengo baina ya kioo na nguzo lisizidi upana wa kidole. Likizidi, gari hupiga mluzi usiochukulika, na utepe wa mpira ndio unaolinyamazisha. Ukingo wa nyuma wa kikingio cha kulia usivuke mahali kiwiko cha dereva kinapopita, kwani sisi tunaendesha kushoto na kuketi kulia, na magari mengi ya umri huu hayana taa za kuonyesha upande. Mkono ndio taa, na mkono utakaogonga kioo siku ya kutaka kupinda utachelewa. Kioo kisitokeze nje kupita kioo cha kutazamia nyuma. Baada ya safari ya kwanza ya njia mbaya, tuseme kufika Muze, nati zote zikaguliwe kabla ya kuukwea tena Mbizi. Na ili ukaguzi huo uwe wa macho tu, fundi apake mstari mwembamba wa rangi kutoka kwenye nati hata kwenye kibano siku anapoifunga, ili nati iliyojizungusha ijionyeshe kwa mstari uliokatika, ikazwe papo hapo, na washa ya springi iliyo chini yake ibadilishwe wakirejea mjini.